Kwa nini wimbi la sini? Migeuzo na opereta, kutoka maji ya bamvua hadi mawimbi ya simu

Mvuvi wa Unguja hahitaji kalenda ya ukutani kujua maji yatakavyokuwa. Mwezi ukiandama, na tena ukifika siku ya kumi na nne au kumi na tano, anajua maji ya bamvua yamewadia: yatajaa hadi juu ya mikoko, na yakipwa mwamba utabaki mkavu hadi mbali. Katikati yake, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu, na bahari hupanda na kushuka kidogo tu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani ya Unguja na Mombasa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu hukaribia mita 1.

Pima kimo cha maji kila saa kwa siku 30, chora vipimo hivyo 720, na utapata umbo linalonenepa, linakonda, kisha linanenepa tena. Macho yanasema ni wimbi moja lenye nguvu inayobadilika. Macho yanakosea. Kuna mawimbi mawili makubwa ya sini, yaani ya mkunjo laini unaopanda na kushuka kwa mizunguko iliyo sawa, na kila moja halibadiliki hata kidogo. La kwanza linatokana na mvuto wa mwezi na hujirudia kila saa 12.42. La pili ni la jua na hujirudia kila saa 12 kamili. Tukilipa kila wimbi nyuzi 360 kwa mzunguko mmoja, la mwezi huenda nyuzi 28.984 kwa saa na la jua nyuzi 30. La jua hulitangulia mwenzake kwa nyuzi 1.016 kila saa, na ili limpite mzunguko mzima zinahitajika saa 354 hivi, yaani siku 14.77. Huo ndio muda kutoka bamvua moja hadi nyingine. Mawimbi yakipanda pamoja ni bamvua. Moja likipanda huku jingine likishuka ni maji mafu.

Hapo tayari tumefanya mgeuzo. Vipimo 720 vilivyopangwa kwa saa vimegeuka kuwa orodha fupi iliyopangwa kwa masafa, yaani wepesi wa wimbi kujirudia: wimbi hili lina kimo gani na limechelewa kiasi gani, na lile vilevile. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliipeleka kazi hii mbali katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mwaka 1872 akabuni mashine ya magurudumu, kapi na uzi iliyojumlisha mawimbi 10 ya namna hiyo na kuchora maji yajayo ya bandari kwa kalamu. Mtaalamu atasema, na ni kweli, kwamba huu si mfululizo wa Fourier (jumla ya mawimbi ya sini, kwa jina la mtu tutakayemkuta mbele) kwa maana kali, maana masafa yake yalitoka kwenye elimu ya nyota na si vigawe vya masafa moja ya msingi. Lakini wazo ni lilelile.

Sasa linakuja swali ambalo vitabu vingi vya uhandisi hulipita mbio. Kwa nini sini? Mchoro wowote unaweza kuvunjwa kwa namna nyingi: kwa vipande vya mraba, vya pembetatu, au vya umbo lolote utakalolibuni, mradi vipande viwe vya kutosha. Wimbi la sini lina ubora gani hata litawale umeme, sauti, joto, bahari na redio?

D ni amri, wala si namba

Jibu limo katika kutafuta kasi ya mabadiliko, kitendo cha kwanza kabisa cha kalkulasi. Tukiite D. Ukiipa D mchoro wa kimo cha maji, itakurudishia mchoro mwingine unaoonyesha, kila saa, maji yanapanda au kushuka kwa kasi gani. Hii ndiyo opereta: amri inayopokea mchoro mzima na kutoa mchoro mzima.

Michoro mingi ikipita kwenye D hupoteza umbo lake. Mkunjo wa t², ambapo t ni wakati, hutoka ukiwa 2t, mstari ulionyooka. Wimbi la mraba, linaloruka ghafla juu na kuanguka ghafla chini, hutoka likiwa sifuri kila mahali isipokuwa miiba mikali kwenye kona. Wimbi la sini peke yake hutoka likiwa wimbi la sini la masafa yaleyale. Limesogea robo ya mzunguko, na kimo chake kimezidishwa kwa masafa yake, basi. Lipitishe mara ya pili na litatoka lilelile la mwanzo, limepinduliwa juu chini na kuzidishwa kwa masafa hayo mara nyingine.

Kwa namba changamano, zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, jambo hilo hilo husemwa kwa mstari mmoja. Chukua e^(st), ambapo e ni namba maalumu ya 2.718…, t ni wakati na s ni namba uliyoichagua. D ikiigusa, inatoka s·e^(st). Umbo halikuguswa. Kilichotokea ni kuzidishwa kwa s tu. Ikiwa s ina sehemu ya kufikirika peke yake, e^(st) ni wimbi la sini lisilokoma. Ikiwa ina pia sehemu halisi iliyo hasi, ni wimbi linalofifia. Sehemu halisi ikiwa chanya, ni wimbi linalokua bila breki. Kwa jamii hii nzima ya maumbo, amri ya kalkulasi imekuwa kuzidisha kwa namba. Mengine yote katika somo la migeuzo, kwa maoni yangu, ni matunda ya mstari huo mmoja, na inanisikitisha kwamba wanafunzi wengi hupewa kwanza jedwali la mgeuzo wa Laplace (tutaufikia mbele) la kukariri, na mstari wenyewe huja baadaye au hauji kabisa.

Waliosoma sekondari kwa kitabu cha majedwali ya tarakimu nne wameshauona ujanja huu kwa sura nyingine. Kuzidisha 3.142 kwa 27.86 kwa mkono kunachosha, basi unakwenda kwenye logi, unajumlisha, kisha unarudi kwa antilogi. Kazi ngumu ilifanywa upande ambako ni nyepesi. Mgeuzo wa Fourier na wa Laplace hufanya hivyo kwa milinganyo yenye D: unahamia upande wa masafa, unazidisha na kugawanya kama mwanafunzi wa aljebra, kisha unarudi.

Lakini si hesabu tu inayokuwa nyepesi. Turudi baharini. Mwendo wa maji hufuata milinganyo yenye D, na tabia zake kuu ni mbili: kwanza, ukizidisha mvuto mara mbili, mwitikio unazidi mara mbili, na mwitikio wa mivuto miwili ni jumla ya mwitikio wa kila mmoja; pili, sheria hazibadiliki kutoka leo hadi kesho. Mfumo wenye tabia hizo, ambao wahandisi huuita mfumo wa mstari, hauwezi kuzaa masafa mapya. Mwezi ukiusukuma kila saa 12.42, maji ya Unguja lazima yaitikie kila saa 12.42. Kina cha mkondo, umbo la ghuba na miamba vinaamua mambo mawili peke yake: wimbi litakuwa kubwa kiasi gani na litachelewa kiasi gani. Ndiyo sababu ukipima bandari moja kwa mwaka mmoja unaweza kutabiri maji yake ya miaka mingi ijayo bila kujua ramani ya sakafu ya bahari.

Kanuni hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe unafundisha. Kwenye hori na midomo ya mito yenye maji haba, kimo cha wimbi hakiko mbali na kina chenyewe, na sharti la kwanza huvunjika. Hapo vipimo huonyesha wimbi la saa 6.21, nusu kamili ya lile la mwezi, ingawa hakuna kitu angani kinachovuta kwa muda huo. Limezaliwa na maji haba yenyewe. Mhandisi akiona masafa ambayo hakuyaingiza, anajua mfumo wake si wa mstari.

Joto, kebo na mtu aliyeigawanya D

Joseph Fourier hakuanza na bahari bali na joto. Mwaka 1807, akiwa mkuu wa mkoa wa Isère kule Grenoble, aliwasilisha Paris maandishi yake juu ya jinsi joto linavyosambaa ndani ya vitu vigumu. Mlinganyo wake unasema kwamba kasi ya kubadilika kwa joto mahali fulani inalingana na jinsi mchoro wa joto unavyojikunja mahali hapo, yaani D mara moja kwa wakati na D mara mbili kwa umbali. Vunja joto la ufito wa chuma katika mawimbi ya sini, na kila wimbi hufifia peke yake bila kujali wenzake. Tena wimbi lenye urefu nusu ya jingine hufifia mara 4 kwa kasi zaidi, kwa kuwa D mbili zimezidisha masafa mara mbili. Makunyanzi madogo hufutika kwanza. Umbo pana hubaki la mwisho. Mwanahisabati Lagrange, mmoja wa waliopewa kazi ya kuyapima maandishi hayo, hakukubali kwamba mawimbi laini yanaweza kujumlishwa hadi yatoe kona na mruko, na kazi kamili haikutoka katika kitabu hadi 1822. Wasiwasi wake ulikuwa na msingi: karibu na mruko, jumla ya mawimbi huvuka kimo sahihi kwa asilimia 9 hivi ya mruko huo, hata ukiongeza mawimbi kiasi gani. Sehemu inayovuka inazidi kuwa nyembamba, lakini haipungui kimo.

Mwaka 1854 Thomson aligundua kwamba umeme ndani ya kebo ndefu ya telegrafu chini ya bahari hufuata mlinganyo uleule wa joto. Kishindo kikali kinachoingizwa upande mmoja hutoka upande wa pili kimetanuka na kufifia, na kuchelewa kwake hukua kwa mraba wa urefu: kebo ndefu mara mbili, kuchelewa mara 4. Kebo ya kwanza ya kuvuka Atlantiki, ya mwaka 1858, ilithibitisha hilo kwa uchungu. Salamu za Malkia Victoria za maneno 98 zilichukua kama saa 16 kufika. Mafundi walijaribu kuongeza volti hadi karibu 2,000, na kebo ikafa baada ya wiki chache. Kwa mfumo wa mstari dawa ile haikuwa na maana, kwani volti ikipanda mara kumi, ishara inapanda mara kumi lakini mtanuko wake unabaki uleule. Kebo iliyotoka Aden ilipofika Zanzibar mwaka 1879 na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, kila herufi iliyopita humo iliutii mlinganyo huohuo.

Aliyelitatua jambo hili hadi mwisho ni Oliver Heaviside, aliyezaliwa London mwaka 1850, akaacha shule akiwa na miaka 16 na kufanya kazi ya kupokea na kutuma telegrafu kabla ya kujifungia nyumbani na hisabati yake. Alifanya jambo lililowaudhi wanahisabati wa Cambridge: aliichukua amri D, akaiita p, na kuitendea kama namba ya kawaida. Aliizidisha, akaigawanya, hata akatafuta kipeuo chake cha pili.

Tuone njia yake kwa saketi ndogo kabisa, rezista moja na kapasita moja zilizochaguliwa ili R (ukinzani wa rezista) mara C (uwezo wa kapasita kutunza chaji) iwe sekunde 1. Unawasha betri ya volti E wakati wa sifuri. Volti v kwenye kapasita inafuata Dv + v = E. Heaviside anaandika (p + 1)v = E, kwa hiyo v ni E gawanya kwa (p + 1). Halafu anaupanua mgawanyo huo kama tunavyofundishwa katika aljebra: 1/p, toa 1/p², ongeza 1/p³, na kuendelea. Sasa, ikiwa p ni kutafuta kasi ya mabadiliko, 1/p ni kinyume chake: limbikiza tangu ulipowasha. Ukilimbikiza E unapata Et, ukilimbikiza tena, Et²/2, tena, Et³/6. Kwa hiyo v = E(t − t²/2 + t³/6 − …), na huo ni mfululizo wa E(1 − e^(−t)), jibu sahihi kabisa. Baada ya sekunde 1 kapasita imefika asilimia 63 ya betri. Baada ya sekunde 5, zaidi ya asilimia 99. Hakuna mlinganyo uliotatuliwa kwa njia ya kawaida popote.

Kwa kebo ndefu mambo yalizidi kuwa ya ajabu, maana pale ilitokea √p, yaani nusu ya kutafuta kasi ya mabadiliko, amri ambayo ukiitekeleza mara mbili unapata D moja. Heaviside alipata kwamba √p ikitenda juu ya kitendo cha kuwasha swichi hutoa 1/√(πt), na huo ndio mkondo unaoingia kwenye kebo ndefu ukiiunganisha na betri. Mwaka 1887 alionyesha pia kwamba ukiongeza koili kwa kiasi maalumu kando ya waya, masafa yote yatasafiri kwa kasi moja na kupungua kwa kiwango kimoja, hivyo umbo la ishara litafika likiwa zima. Watu wa simu za umbali mrefu walikuja kunufaika sana na koili hizo. Hata hivyo mwaka 1894 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ilikataa kuchapisha sehemu ya tatu ya maandishi yake juu ya opereta, kwa kukosa uthibitisho. Yeye aliuliza kama akatae chakula chake cha jioni kwa kuwa haelewi vizuri tumbo linavyokisaga.

Uthibitisho ulikuja baadaye. Mwanahisabati Bromwich aliuanza mwaka 1916, na mwaka 1937 Gustav Doetsch aliusimamisha juu ya mgeuzo wa Laplace: zidisha mchoro wako kwa e^(−st), jumlisha kuanzia sifuri hadi milele, na p ya Heaviside inakuwa s, namba halali. Sheria kuu inasema D ya mchoro hugeuka kuwa s mara mgeuzo wake, toa thamani ya mwanzo. Hiyo "toa thamani ya mwanzo" ndiyo inayotenganisha kazi za migeuzo hii miwili. Fourier ni wa mambo yaliyoanza zamani na yanayoendelea, kama bahari. Laplace ni wa jambo lenye mwanzo: swichi imewashwa, injini imepigwa stata, breki imekanyagwa. Na kwa kuwa kila s inabeba umbo lake, mhandisi wa mitambo ya kujiongoza huangalia ni s zipi zinazofanya sehemu ya chini ya mgawanyo kuwa sifuri. Zote zikiwa na sehemu halisi hasi, mtambo utatulia. Moja tu ikiwa chanya, mtambo utajitikisa hadi kuvunjika, na amelijua hilo kabla ya kununua hata nati moja.

Kwa mtu anayeshughulika na vipimo halisi, kuna onyo ndani ya mstari ule ule wa D kuzidisha kwa masafa. Tuseme kifaa cha bandarini kinapima wimbi la mwezi lenye kimo cha mita 1.5 kutoka usawa wa kati, na juu yake kuna viwimbi vya upepo vya sentimita 5 vinavyojirudia kila sekunde 4. Kwenye mchoro wa kimo, viwimbi hivyo havionekani kuwa tatizo. Tafuta kasi ya mabadiliko: wimbi la mwezi hutoa kama milimita 0.21 kwa sekunde, viwimbi hutoa milimita 78.5. Kelele imeishinda ishara kwa zaidi ya mara 370, na hakuna aliyekosea hesabu. Ndiyo sababu vifaa vya jadi vya kupima bahari huwekwa ndani ya bomba lililosimama lenye tundu dogo chini. Maji huingia na kutoka polepole, na kimo cha ndani hufuata kwa makadirio mlinganyo uleule wa rezista na kapasita: tundu ni rezista, bomba ni kapasita. Wimbi la saa 12 hupita zima na viwimbi vya sekunde 4 hufa humo. Hicho ni kichujio cha umeme kilichojengwa kwa bomba, bila umeme.

Ndani ya simu

Hesabu ya mgeuzo kwa njia ya moja kwa moja ni ghali. Vipimo 1,024 vinadai kuzidisha mara 1,048,576. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya kugawa kazi nusu kwa nusu hadi ibaki ngazi 10, na gharama ikashuka hadi kadiri ya 10,240. Mwanahisabati Gauss alikuwa ameshaipata njia hiyo mwaka 1805 alipokuwa akikokotoa njia za sayari ndogo, lakini hakuichapisha. Bila njia hiyo simu ya 4G isingewezekana, na sababu yake inaturudisha kwenye swali la mwanzo.

Ishara ya mnara hufika kwenye simu kwa njia nyingi kwa pamoja: moja kwa moja, kwa kugonga ghorofa, kwa kugonga paa la bati. Nakala hizi zilizocheleweshwa hujumlishana na kuharibu umbo lolote ulilotuma. Isipokuwa sini. Jumla ya nakala za wimbi moja la sini, hata zikiwa mia, ni wimbi la sini la masafa yaleyale, lenye kimo kingine na kuchelewa kwingine. Kwa hiyo mnara wa 4G hautumi mtiririko mmoja wa haraka. Katika bendi ya megahezi 20 hutuma mawimbi 1,200 kwa mpigo, yaliyoachana kwa kilohezi 15, na kila moja limebeba vipande vyake vya data. Simu hufanya mgeuzo, hupata namba 1,200, na kuisahihisha kila namba kwa kuigawanya mara moja. Majengo yote ya Kariakoo yamegeuka kuwa orodha ya vigawanyo. Ving'amuzi vya televisheni za kidijitali vya antena hutumia njia hiyohiyo.

Kuna sharti moja lililobaki. Wimbi la sini halibadiliki umbo likiwa halina mwanzo wala mwisho, ilhali kila kifurushi cha mnara, yaani mpigo mmoja wa mawimbi hayo 1,200, hudumu mikrosekunde 66.7 tu. Wahandisi walichukua kipande cha mwisho cha kifurushi na kukinakili mbele yake, kwa kawaida cha mikrosekunde 4.7. Mwangwi ukichelewa ndani ya muda huo, dirisha ambalo simu inafanyia mgeuzo huona wimbi ambalo ni kama limekuwapo siku zote, na mgawanyo unatoka sahihi. Katika mikrosekunde 4.7 redio husafiri kama kilomita 1.4. Mwangwi uliozunguka zaidi ya hapo humwaga kifurushi kimoja ndani ya kinachofuata, na kwa maeneo mapana ya namna hiyo kiwango cha 4G kina nakala ndefu zaidi, ya mikrosekunde 16.7, inayostahimili mizunguko ya hadi kilomita 5 kwa gharama ya kutuma data kidogo zaidi kwa kila sekunde.